Mkia wa Saini ya Ormsby

Jumapili, 2 Machi

Nimeibiwa. Si na mwizi. Mwizi ana haya, huja watu wamelala. Nimeibiwa mchana kweupe, ukumbi umejaa, na daktari wa meno.

Niandike kwa utaratibu, hasira isiniharibie mwandiko. Jana mjini Philadelphia palikuwa na mnada wa hati za kale. Kati ya hati hizo kulikuwa na cheti cha mwaka 1801 kinachomfungua mfanyabiashara mmoja muflisi kutoka kwenye madeni yake yote, kwa mujibu wa sheria ya kwanza ya ufilisi ya nchi hii. Kimesainiwa na Thaddeus Ormsby, kamishna wa ufilisi. Wino mweusi kama wa jana. Chini ya jina, ule mkia wake unaojikunja kama wa nguruwe. Sheria yenyewe iliishi miaka mitatu tu, Bunge likaifuta. Vyeti vyake ni adimu kama maziwa ya kuku.

Mimi nina saini tisa za Ormsby. Barua, hati za kuwaita wadai, matangazo. Cheti sina. Nimekitafuta tangu nikiwa na nywele.

Tatizo langu ni sifa. Kila mtu kwenye biashara hii ananijua. Nikiinua kibao changu cha namba ya mnada, ukumbi mzima unainua vibao: Hockaday akikitaka, basi kina thamani. Kwa hiyo nikapatana na dalali pembeni, kama wafanyavyo wazoefu. Nikiwa nimevaa miwani, bado nanunua. Nikiivua, nimetoka. Nikakaa mikono kifuani, uso wa mtu anayesubiri basi.

Bei ikapanda. Tukabaki wawili, mimi na mtu fulani wa nyuma. Ndipo dalali akakiinua cheti kwenye taa, nami nikauona ule mkia. Machozi yakanilenga. Miwani ikaingia ukungu. Nikaivua, nikaifuta kwa tai.

Nyundo ikagonga.

Mtu wa nyuma alikuwa Wendell Pruitt, daktari wa meno, mwanachama mwenzangu katika Chama cha Wakusanyaji, mkusanyaji wa juzijuzi. Alinifuata hadi kwenye meza ya kahawa akanishika bega. Akasema alishangaa sana kuona sikitaki. Akasema muda wote alikuwa ananiangalia mimi tu, na kama ningeinua kibao hata mara moja, yeye angeacha. "Kwa heshima yako, Cyrus. Nani ashindane na wewe kwa Ormsby?"

Nilimpongeza. Ulimi ulikuwa kama gunzi.

Jumanne, 4 Machi

Kikao cha mwezi cha Chama cha Wakusanyaji, chumba cha juu cha maktaba ya wilaya, hapa Doylestown. Kila mwanachama huleta kitu kimoja cha kuonyesha. Nilileta tangazo la wadai la 1802, ambalo lina shimo la nondo lenye umbo la kupendeza. Likatazamwa kwa adabu.

Kisha Pruitt akafungua mkoba wake.

Watu wazima walisimama. Wakajibana kumzunguka kama kuku kwenye mahindi. Pruitt akaeleza kwamba sheria ile iliwasamehe wadaiwa wa Marekani na kuwapa mwanzo mpya. Nilivumilia mpaka hapo. Nikasimama nikasema sheria ile haikumsamehe mkulima hata mmoja. Ilitungwa kwa wafanyabiashara na wenye mabenki. Fundi viatu aliyeshindwa kulipa aliendelea kuozea gerezani huku jirani yake mwenye maghala akitoka na cheti mkononi. Wakubwa walisameheana wao kwa wao, nikasema, na yeyote anayekitazama cheti kile kwa machozi bila kulijua hilo anamlilia mnyonyaji.

Bi Henrietta Yoder, mwenyekiti wetu, mwanamke wa kuongea polepole ambaye sijawahi kumwona akikosea, akaniambia, "Cyrus, ni kweli yote. Sasa keti, amalize."

Pruitt akanishukuru. Akatoa kalamu akayaandika niliyosema. Ana tabia mbaya sana yule, ya kutokasirika.

Halafu Bi Henrietta akatoa habari yenyewe. Maonyesho ya majira ya kuchipua ni tarehe 12 Aprili. Kabati la katikati, lile la vioo pande nne unaloliona ukiingia tu mlangoni, lenye kibao cha shaba chenye jina la mwenye hati, mwaka huu kamati inafikiria kumpa Daktari Pruitt.

Kabati lile limekuwa langu miaka sita mfululizo. Najua mlango wake unakwama wapi.

Alhamisi, 6 Machi

Sijalala vizuri. Lorna, mke wangu, ameniuliza kwa nini nilikuwa nasaga meno usiku. Nimesema sisagi. Akasema basi niende kwa daktari wa meno, namfahamu mmoja mzuri. Huyo ndiye niliyemwoa.

Mchana, baada ya kufundisha uraia kwa watoto ambao hawataki kuwa raia, nilifungua picha ya cheti kwenye orodha ya mnada. Nikaweka pembeni Ormsby wangu tisa. Nikalinganisha kwa kioo cha kukuza. Saini ni yake. Mkia wa Ormsby hujikunja kushoto, siku zote, na huu unajikunja kushoto. Mtu mwaminifu angefunga kioo chake akala chakula cha jioni.

Lakini nilifikiri hivi. Ni nani mwingine katika wilaya hii anayeujua mkia wa Ormsby? Wenzangu wanakusanya majenerali, wacheza besiboli, mapishi ya Wakristo wa Kimenoni. Ufilisi ni shamba langu peke yangu. Nikisema mkia wa kweli hukunjwa kulia, umekunjwa kulia.

Wakubwa wa zamani walikuwa na makarani, na makarani walisaini kwa niaba yao. Hilo linajulikana. Na saini ya karani haikai kabati la katikati.

Nimeandika makala ya kurasa nne bila kunywa maji. Kichwa: "Mkono wa Nani? Juu ya Cheti Kilichonunuliwa kwa Haraka." Nimeituma kwa jarida la Chama kabla dhamiri haijapata viatu vyake.

Jumatatu, 17 Machi

Jarida limetoka. Makala yangu ukurasa wa kwanza. Nimeisoma mara kadhaa na kila mara nimeshawishika. Ile aya inayomweleza karani, kijana maskini mwenye vidole vya wino, anayesaini utajiri wa wengine huku yeye mwenyewe akidaiwa kodi ya chumba, ni nzuri mno. Karibu nimwamini.

Jioni Pruitt alipiga simu. Nilitegemea matusi, nilikuwa nimeandaa majibu. Aliniuliza tu, sauti imeshuka, kama nina hakika. Nikasema sayansi haina huruma. Akasema haidhuru, yeye ni mwanafunzi tu, na bora kuambiwa na rafiki kuliko na adui.

Nikamwambia kwa upole kwamba kama kinamwumiza kukiona, niko tayari kukichukua kwa bei ndogo, kwa ajili ya kufundishia. Akasema nina moyo mzuri. Akanialika Ijumaa kwenye kliniki yake, kuna kitu anataka nikione.

Lorna alikuwa anasikiliza toka jikoni. Akasema, "Wewe siku moja utajichimbia shimo halafu umlaumu koleo." Mtu anayekaribia kushinda hajibu.

Ijumaa, 21 Machi

Amekitundika kwenye dari.

Sitanii. Cheti cha 1801, ndani ya fremu, kwenye dari, juu ya kile kiti cha wagonjwa. Unalala, unapanua mdomo, unamtazama Ormsby. Nilimkuta mama mmoja amelala pale na pamba mashavuni, anakisoma. Nikamwuliza Pruitt, nikijizuia, kama anajua mwanga unafanya nini kwenye wino wa zamani. Akasema ameweka kioo maalumu cha kukinga jua, gharama yake nisiulize. Hata huko kanishinda. Mimi hati zangu nazikinga kwa pazia tu.

Mgonjwa alipoondoka alinikalisha kwenye kile kiti, maana hakukuwa na kingine, akasimama juu yangu akinieleza. Babu yake alikuwa mkulima kule Lebanon, hapa hapa Pennsylvania. Miaka ya 1930, uchumi ulipoanguka, wadai waliliuza shamba lake kwa mnada, uani kwake mwenyewe, ng'ombe mmoja mmoja kwa majina yao. Mzee hakusema tena mezani mpaka alipokufa. Pruitt alisema alipokisoma cheti mara ya kwanza, yale maneno kwamba mtu huyu ameachiliwa na asisumbuliwe tena, aliyasikia kama yanasemwa na mtu uani kwa babu yake, kwa kuchelewa. Wagonjwa wake wengi wanadaiwa. Anataka wayasome wakiwa wamelala.

"Hata kama ni mkono wa karani," akasema. "Karani naye si mtu?"

Nikiwa chali, mdomo wazi, niliyasoma maneno yale mpaka mwisho. Dakika moja nilitaka kumwambia ukweli. Halafu nikawaza: miaka ishirini nakusanya hati za ufilisi na familia yangu haijawahi kufilisika. Hata babu anaye. Hata huzuni yake imehifadhiwa vizuri kuliko yangu.

Nikamwambia bado bei yangu iko palepale. Akasema hauzi. Lakini aliona jino langu la nyuma lina ufa, na akalitengeneza bure.

Jumanne, 25 Machi

Balaa. Barua ya Bi Henrietta. Kwa mujibu wa kanuni ya kumi na moja, mwanachama anayetilia shaka saini ya mwenzake kwenye jarida sharti aje mbele ya kamati na vielelezo vyake, vilinganishwe hadharani. Kikao ni Jumamosi. Nilete Ormsby wangu wote tisa.

Nani alitunga kanuni ya kipuuzi namna hii? Nimetazama. Ni mimi, mwaka ule wa ugomvi wangu na yule bwana wa barua za majenerali.

Nimefikiria kusema ziko benki na ufunguo umepotea. Bi Henrietta aliwahi kufanya kazi benki. Nimefikiria mafuriko kwenye chumba cha chini ya nyumba, lakini hakujanyesha.

Jioni nikapata wazo safi. Picha. Nikazipanga saini mbele ya kioo cha kabati la nguo la Lorna nikazipiga picha kupitia kioo. Mikia yote tisa ikajikunja kulia, mizuri ajabu. Nilitaka kucheza. Kisha nikatazama juu ya mkia. Jina nalo lilikuwa limegeuka, herufi zote zinarudi kinyumenyume.

Lorna aliingia kuchukua koti lake. Akaangalia ile picha muda mrefu. Akauliza kama huyu Ormsby alikuwa kaa wa baharini.

Jumamosi, 29 Machi

Nilipeleka moja tu, ile ya barua iliyolowa, ambayo mkia wake umekuwa doa. Nikasema nyingine nane ni dhaifu mno kusafirishwa. Nilisema kwa sauti ya daktari wa wagonjwa mahututi.

Bi Henrietta akaitikia kwa kichwa. Akasema hakuna haja ya kuzisumbua. Akaweka mezani zile kadi ambazo Chama huchapisha kila mwaka kuuza kwenye maonyesho, picha ya hati ya kabati la katikati. Kadi sita. Miaka yangu sita. Ormsby sita, rangi kamili, wakubwa kuliko walivyo, na chini ya kila mmoja: Mkusanyiko wa C. Hockaday. Mikia yote kushoto, kama bata wanaovuka barabara.

Kumbe Pruitt naye alikuwa na kadi moja mfukoni. Imekunjika pembe. Akasema imekaa kwenye mlango wa friji yake miaka minne. Aliiona siku ya kwanza alipoingia maktaba kukwepa mvua, na kwa sababu ya kadi hiyo akaanza kukusanya. Hakusema kwa kejeli. Ningemshukuru kama angesema kwa kejeli.

Bi Henrietta akavua miwani. Yeye akivua miwani ndiyo kwanza anaanza. Akasema kamati inaona njia mbili. Ama makala ina kosa, basi niandike masahihisho mafupi, cheti cha Daktari Pruitt kiende kabati la katikati, na hakuna atakayelizungumza tena. Ama makala ni sahihi, mkia wa kushoto ni wa karani, na hapo basi hati zangu zote tisa ni za karani pia, na zitaandikwa hivyo kwenye rejista ya Chama, ambayo kila dalali huisoma kabla ya mnada. "Chagua mwenyewe, ndugu yangu. Hatuna haraka, kuna kahawa."

Kulikuwa na kahawa na pai ya molasi. Nilimtazama Pruitt. Alikuwa ananiashiria kwa kichwa taratibu, kama anayemwita mtoto ashuke kwenye paa. Alikuwa amekwisha kunisamehe. Ilikuwa usoni mwake, msamaha mzima, bila doa, umesainiwa.

Hapo ndipo nilipoliona akilini kabati la katikati, cheti chake ndani, mimi pembeni nikipigiwa makofi kwa uungwana wangu.

Nikasimama nikasema makala ni sahihi.

Bi Henrietta akaniuliza kama najua nilichosema. Nikasema najua. Pruitt akasema, "Cyrus, usifanye hivyo, bwana. Zile ni tisa." Nikasema ukweli hauhesabiwi kwa wingi. Nadhani ni sentensi nzuri. Mwandishi wa kumbukumbu aliiandika.

Kisha akaandika na yale mengine.

Jumapili, 30 Machi

Ormsby wangu tisa, waliokuwa fahari ya Pennsylvania ya mashariki, tangu jana ni kazi ya mtu asiye na jina, ambaye nilimbuni mimi mwenyewe Alhamisi moja kwa hasira.

Lorna amekaa nami sebuleni. Baadaye akauliza kama hati zangu zimekuwa mbaya zaidi kuliko zilivyokuwa Ijumaa. Ni zilezile, nikasema. "Basi ulizipenda nini?" akauliza, akaenda kulala.

Ni swali la mtu asiyekusanya. Lakini nina faraja: kabati la katikati halitakaliwa na cheti cha karani. Pruitt amekosa. Nimekosa na mimi, lakini yeye amekosa.

Jumamosi, 12 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Nilifika maonyeshoni mapema, nimevaa tai ya kijani, nikitarajia katikati nikute jenerali au kitabu cha mapishi. Nikakuta foleni. Foleni, kwenye maonyesho yetu, ambayo mwaka jana yalihudhuriwa na watu thelathini na mbwa.

Kabati la katikati: cheti cha Pruitt. Juu yake kwa herufi kubwa: MKONO WA KARANI. Pembeni, ile aya yangu, kijana maskini mwenye vidole vya wino, neno kwa neno. Kibao cha shaba: Mkusanyiko wa Dk. W. Pruitt. Na chini, kwa herufi za kusomwa na sisimizi: ugunduzi wa C. Hockaday.

Bi Henrietta alinieleza kwamba makala iliwagusa wanakamati. Ormsby mmoja zaidi watu wangempita wakienda kwenye keki. Lakini karani, yule aliyewafungulia matajiri minyororo na mwenyewe akabaki nayo, huyo hawajawahi kumwona. "Umetufundisha kitu, Cyrus. Ndicho ulichokuwa ukikipigia kelele siku zote, wanyonge." Hakutabasamu. Hata sasa sijui alikuwa anajua nini.

Bibi mmoja alinishika mikono miwili. Mama yake alikuwa mpiga chapa wa kampuni moja, aliyasaini majina ya wakubwa wake mpaka akastaafu, na hakuna karatasi hata moja duniani yenye jina lake. Alilia. Nilimpa leso. Watoto wa darasa langu mwenyewe, ambao hawajawahi kuniuliza lolote isipokuwa ruhusa ya kwenda chooni, walitaka kujua karani aliitwa nani, na kama alipata kuoa. Gazeti la mji likampiga picha Pruitt mbele ya kabati.

Pruitt akanivuta niingie kwenye picha. Nilikataa. Nikasimama nyuma ya nguzo, nikiwatazama watu wakimpenda karani.

Hakuna hata mmoja aliyemtaja Ormsby. Miaka ishirini nimempigania Ormsby. Na huyu kijana, ambaye hajawahi kuwepo, ana foleni hadi mlangoni.

Ningeweza kuwaambia. Ilitosha sentensi moja. Lakini ningesimama wapi kuisema?

Jumapili, 13 Aprili

Nimelala vizuri. Usingizi umenipa mwanga.

Karani kweli anastahili kupendwa. Sibishi tena. Swali ni kama cheti kile ni chake. Leo asubuhi nimekitazama tena kwenye kadi mpya ya Chama, kwa kioo cha kukuza, na naona mkunjo wa mkia ni mlegevu. Karani wa kweli, yule wa hati zangu tisa, alikunja kwa ujasiri. Huyu wa kwenye cheti anaiga. Ni mkono wa kijana mwingine, mdogo kwa cheo, mvivu kidogo, pengine aliyekuwa akimshikia karani kalamu alipokwenda kula.

Yaani cheti cha Pruitt si cha karani. Ni cha msaidizi wa karani.

Na makarani halisi wote waliobaki duniani, tisa, wako nyuma ya pazia langu.

Kurasa tatu zimekwisha. Bi Henrietta hupokea makala za jarida mpaka Ijumaa. Lorna amechungulia akauliza naandika nini siku nzuri namna hii, majirani wote wako nje wanakata majani. Nimemwambia namtetea mnyonge dhidi ya waigaji wake.